MKONGE UNASUBIRI, MTOTO HASUBIRI (Sehemu ya 6: Kabuku yetu ilikotoka)

Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya bila kusema kitu. Nawaona.

Wiki iliyopita nilipoandika kuhusu chakula cha mtoto baada ya miezi sita, inboksi ilijaa. Swali lililojirudia ni hili: "Nesi, sasa mkonge umeingiaje kwenye uji wa mtoto?" Wengi wenu mko Dar, Arusha, Mwanza, hata nje ya nchi, huku kwetu hamkujui. Basi leo naweka pembeni mambo ya vidonge na chanjo, nawasimulia Kabuku ilikotoka. Ukishaijua historia hii utaelewa kwa nini mimi nikipokea mtoto mwenye uzito mdogo, swali langu la pili au la tatu kwa mama yake ni, "Shambani mwaka huu mmepanda nini?"

Ni ndefu kidogo. Kama unanyonyesha, weka mto mgongoni, kaa vizuri, tuanze.

KABUKU NI WAPI

Ukipanda basi Dar kwenda Tanga au Moshi, ukishafika Chalinze basi linaingia ile barabara ndefu ya kwenda Segera. Utapita Mkata, utapita Kabuku, halafu ndiyo Segera. Wengi mnatujua kwa dirisha la basi tu: machungwa, watu wa bodaboda, vumbi, basi limeshaondoka. Tuko wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, lakini Korogwe ni jirani kabisa. Kuna Kabuku Nje na kuna Kabuku Ndani. Hatuna historia ya wafalme wala majumba ya mawe kama Pangani au Bagamoyo. Tuna historia ya mashamba.

Na mimi ni zao la hayo mashamba. Bibi mzaa mama ni Mzigua wa hapahapa. Babu alikuwa Mbena, alitoka Njombe kuja kukata mkonge. Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna damu ya waliokuwepo na damu ya waliokuja, na nikiwaambia Kabuku ni hivyo tu, basi ni hivyo tu.

WALIOKUWEPO KABLA YA MKONGE

Nchi hii ni ya Wazigua. Sikiliza majina ya vijiji vya huku: Kwamatuku, Kwedizinga, Kwamgwe, Komkonga. Ukisikia hizo Kwa na Kwe na Kom ujue uko Uzigua. Walikuwa wakulima, mtama, mahindi, mihogo, kunde, na ukoo walikuwa wanauhesabu kwa upande wa mama. Bibi yangu hata leo ukimuuliza mtu fulani ni nani, anaanza na mama yake.

Tatizo la Handeni tangu zamani ni mvua. Ikija inakuja, isipokuja hakuna wa kumlalamikia. Kuna miaka mvua za vuli zinapita kando, na masika inanyesha wiki tatu halafu inakata wakati mahindi ndiyo yanatoa mbelewele. Sasa ukiwa na ghala, unavuka. Usipokuwa na ghala...

Nitawapa mfano mmoja, msiuchukulie kama hadithi ya zamani tu. Miaka ya 1830 kulikuwa na ukame mkali Uzigua. Njaa ilifika mahali watu wakajiweka wenyewe na watoto wao rehani ili wapate chakula, na wengi wakaishia kuuzwa utumwani. Wengine walivushwa bahari mpaka pwani ya Somalia. Wakatoroka, wakakaa kwenye bonde la mto Juba, wakaendelea kuongea Kizigua chao huko, vizazi na vizazi. Vita ya Somalia ilipoanza miaka ya 1990 wakakimbia, baadhi wakarudi Tanzania kama wakimbizi, na mwaka 2003 serikali ikawapa makazi Chogo, hapahapa Handeni. Baadaye wakapewa uraia. Yaani familia zilitoka Handeni kwa sababu ya njaa na wajukuu wakarudi Handeni baada ya zaidi ya miaka 160. Wazee wa huku walipowasikia wanaongea, walielewana.

Mimi nikiwaza habari hiyo kama nesi, nawaza hivi: kuna mama pale mwanzo kabisa, alikuwa na mtoto mgongoni na ghala tupu.

Mwaka 1894 na miaka miwili mitatu iliyofuata, njaa ikarudi, safari hii na nzige, na ng'ombe walikuwa wameshakufa kwa sotoka. Na wakati huohuo, kule pwani ya Pangani, kuna mmea mpya ulikuwa umeshatua.

MICHE 62

Mkonge siyo mmea wetu. Asili yake ni Mexico, rasi ya Yucatán, na lile jina la kizungu sisal ni jina la bandari ya huko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikasafirishwa kupitia Hamburg. Ilipofika huku, iliyokuwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hiyo 62 ndiyo bibi wa mikonge yote unayoiona ukiwa kwenye basi.

Mmea huu ulipenda hali yetu. Hauogopi jua. Mvua ikikata wenyewe unasimama tu unakuangalia. Reli ya Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba makubwa yakafuata. Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaendeleza. Singa za mkonge zilikuwa zinatengeneza kamba za meli, magunia, na zile kamba za kufungia majani makavu kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Dunia ilikuwa inafunga mizigo yake kwa kamba ya Tanga.

Lakini shamba la mkonge linataka watu wengi sana. Wazigua wengi hawakutaka kazi ile, walikuwa na mashamba yao. Ndipo wakaletwa watu kutoka mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Wangoni kutoka Songea, Wamakonde hadi wa upande wa Msumbiji, na watu wa Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: kadi yenye siku 30, ukimaliza kazi ya siku inatiwa alama, alama 30 zikitimia ndiyo mshahara.

Babu alikuwa mkataji. Majani 30 fungu moja, unafunga, unaweka, unakwenda kwenye mche mwingine. Ncha ya jani la mkonge ni sindano. Alikuwa na makovu kwenye mikono na moja chini ya jicho. Majani yanakwenda kwenye mashine inayokamua nyama ya jani na kubakiza singa. Hiyo mashine inaitwa korona. Ndiyo, korona. Mwaka 2020 wazee wa mkonge walituchekesha sana: "Nyie mnaogopa korona? Sisi tulikuwa tunailisha kila siku."

Na kwenye kila kilo 100 za majani, singa inayotoka ni kilo 4 hivi. Zinazobaki ni maji na makapi. Hiyo 4 kwa 100 ndiyo ilijenga Tanga.

KIBUSTANI NYUMA YA KAMBI

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Manamba walikuwa wanapewa posho. Leo posho tunasema ya semina, lakini kule kambini posho ilikuwa unga, maharage, chumvi, inapimwa. Bibi alipoolewa na babu akahamia kambini, nyumba za mstari, chumba kimoja, jiko nje. Anasema posho ilikuja kwa jina la babu. Mpimaji anapima chakula cha mwanaume anayefanya kazi. "Mjukuu wangu," ananiambia, "mpimaji alikuwa hajui kama mimi nina mimba."

Bibi akafanya nini? Alikuwa Mzigua, anajua ardhi. Nyuma ya nyumba, kwenye kipande hata mkeka mitatu haienei, akapanda kunde. Akapanda mlenda, mchicha, maboga kwa ajili ya majani, na mihogo pembeni. Maji ya kuoshea vyombo ndiyo ya kumwagilia. Akafuga kuku wanne. Msimamizi akipita analalamika, akishapita kuku wanatolewa.

Na jirani yake alikuwa Muha, hana mama wala mama mkwe maili zote mpaka Kigoma. Alipojifungua, ni bibi yangu na wanawake wengine wa ule mstari ndio waliomkanda, wakampikia, wakambebea maji. Hakuna aliyekuwa na ndugu, kwa hiyo wakafanyana ndugu. Mpaka leo Kabuku unaweza kukuta mtu anamwita mama mdogo mwanamke ambaye hawana hata kabila moja. Ukiuliza, "ni mama yangu wa kambini."

Watoto wa bibi waliokua ni sita. Ukimuuliza walikuaje hatakwambia mshahara. Anakwambia kunde.

KIJIJI CHA MFANO

Uhuru ukaja 1961. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais, kwenye hotuba yake ya kwanza alisisitiza watu wahamie vijijini, wakae pamoja, ndipo itawezekana kupata trekta, shule, maji na hospitali. Kuanzia 1963 serikali ikaanzisha vijiji vya mfano, na mpango wa miaka mitano wa 1964 ulikusudia vijiji zaidi ya 60 vya namna hiyo nchi nzima. Kila kijiji na zao lake la biashara. Kabuku ilikuwa mojawapo, na zao lake lilikuwa, mnajua tena, mkonge. Kampuni ya Amboni, iliyokuwa na mashamba makubwa ya mkonge Tanga, ilishirikiana na mradi huo.

Jamani, hebu fikiria hisia za watu. Juzi ulikuwa namba kwenye shamba la mtu. Leo unaambiwa huu mkonge ni wako. Babu alihama na furaha. Bibi anasema alipiga vigelegele na yeye, halafu akauliza swali moja: "Utakatwa lini?"

Mkonge ukiupanda leo, unasubiri kama miaka mitatu ndipo unakata kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo unakata kila mwaka, labda miaka minane, labda kumi, mpaka utoe ule mlingoti mrefu katikati. Ukishatoa mlingoti umemaliza maisha yake. Kwa hiyo ni zao zuri, linadumu, lakini mwanzo wake ni kusubiri.

Na kusubiri kwenyewe kukaingia balaa. Mwaka 1964 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 230,000 za singa, hakuna nchi duniani iliyotushinda. Na hapohapo bei ikaanza kuanguka, kwa sababu kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni. Watu waliopanda wakiona bei ya juu, walikuja kukata wakati bei iko chini. Aprili 1966 Makamu wa Rais, Rashidi Kawawa, akatangaza kwamba hakutaanzishwa vijiji vingine vya aina ile, gharama ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawa mali ya umma. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa tena, safari hii wengi zaidi. Miaka hiyohiyo likajengwa bomba kubwa la Handeni linaloleta maji kutoka mto Pangani upande wa Korogwe. Ukisikia watu wa huku wanasema HTM, ndiyo hilo bomba. Siku linatoka, mnafua. Siku halitoki, mnarudi kwenye lambo.

Mkonge ukaendelea kushuka, mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inavuna takriban tani 20,000 tu. Mashine zikanyamaza. Mashamba yakaota vichaka. Manamba waliozeeka wakabaki kwenye zile nyumba za mstari, hawana nauli ya kurudi Kigoma au Njombe, na hata wakirudi nani anawakumbuka?

Mimi nimezaliwa kwenye kunyamaza huko. Utotoni mwangu mkonge ulikuwa vichaka vya kuchezea kombolela, na kuchomwa. Tuliishi kwa nini? Mahindi, mihogo, kunde, na machungwa ambayo mama aliuza barabarani. Ada yangu ya diploma ya uuguzi imetoka kwenye ndoo za machungwa. Kwenye historia yote hii ya mipango, kilichotuvusha ni lile shamba la pembeni ambalo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Shamba la bibi.

MKONGE UMERUDI

Sasa turudi leo. Miaka hii ya karibuni mkonge umeamka. Dunia imechoshwa na plastiki, singa zinatafutwa tena. Kassim Majaliwa, alipokuwa Waziri Mkuu, alikuja Tanga mara kadhaa kulisukuma jambo hili, likawekwa lengo la kufikia tani 120,000 kwa mwaka. Bodi ya Mkonge inahamasisha wakulima wadogo, kuna vyama vya ushirika, vijana wanatafuta ekari. Ukipita Handeni na Korogwe unaona mashamba mapya, miche imepangwa kama watoto wa shule mstarini.

Nafurahi, kweli kabisa. Ningependa vijana wa Kabuku wasikimbilie Dar kuuza maji ya chupa kwenye foleni. Asije mtu akasema nesi anapinga mkonge.

Lakini chukua kalamu tupige hesabu moja ya kizazi.

Tunaposema siku 1000 za kwanza za mtoto, tunahesabu hivi: siku 270 za mimba, 365 za mwaka wa kwanza, 365 za mwaka wa pili. Jumla 1000. Ndani ya siku hizo ubongo unajengwa kwa kasi ambayo hairudi tena, na urefu wa mtoto unaamuliwa kwa sehemu kubwa. Udumavu ukishakaa baada ya hapo, kuurudisha nyuma ni kazi ngumu sana.

Mkonge unataka miaka mitatu. Hiyo ni siku 1,095.

Umeona? Ukipanda mkonge siku uliyoshika mimba, siku unakata jani la kwanza mtoto wako ameshamaliza siku zake 1000. Fedha ya mkonge itamkuta ameshajengwa tayari, kwa chochote alichokula wakati unasubiri. Fedha hiyo itamlipia ada, itampigia bati. Kurudi nyuma kumjenga ubongo haitaweza.

BABA MMOJA NA EKARI SITA

Nina mfano wa karibuni, nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isijulikane. Alikuja mama na mtoto wa miezi 14. Mtoto ana homa kidogo, ila kilichonishtua ni mkono. Tulipompima kwa ule utepe wa rangi, ikasoma sentimita 11.9. Njano. Chini ya 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu, na nyekundu hatuongei tena, tunalaza au tunampa chakula dawa.

"Mama, anakula nini?"

"Uji, sista."

"Uji wa nini?"

"Wa mahindi. Mweupe."

"Mboga? Yai? Maharage?"

Akaangalia chini. "Siku hizi tunanunua, sista. Fedha ikipatikana."

Shamba? Ekari sita. Zote mkonge, umri wake mwaka mmoja na nusu. Mbuzi waliuzwa kununua miche na kulipa trekta. Hata lile eneo karibu na nyumba ambalo zamani lilikuwa la mboga, limepandwa. Baba alikuwa nje anasubiri, nikamwita.

Kijana mzuri, mstaarabu. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kitu ambacho sikijawahi kunitoka kichwani: "Sista, si ni kwa ajili ya huyuhuyu? Mimi nateseka sasa ili yeye asije akawa kama mimi."

Ungemjibu nini? Ana haki. Hakunywa pombe fedha ya mbuzi. Amewekeza. Ni babu yangu kabisa yule, mwaka 1964.

Nikamwambia, "Baba, wewe unaweza kusubiri, umeshakua. Mkonge unaweza kusubiri. Huyu ndiye peke yake hapa asiyeweza. Ana miezi kumi tu imebaki ya kujengwa." Nikamuuliza kati ya mstari na mstari ameacha nafasi gani. Akaniambia, pana, kama alivyoelekezwa. "Hapo katikati pana nini?" "Majani tu, tunapalilia." "Kama mnapalilia majani, si mpalilie kunde?"

Akacheka. Mkewe ndiye aliyesema, "Nilimwambia hivyo msimu uliopita."

Basi. Homa tukaitibu, mtoto akaanza kuja kila baada ya wiki mbili. Majani ya kunde ndani ya mwezi yapo tayari kuchumwa. Bibi mmoja jirani akawapa kuku jike. Uji ukaanza kutiwa karanga za kusaga, na mchana mtoto anapata ugali laini na kunde, mara nyingine yai. Baada ya miezi miwili na nusu utepe ukasoma 12.7. Kijani. Mkonge wao uko palepale, haukupungua hata mche mmoja.

SASA WEWE UFANYE NINI

Kama mnapanda mkonge, au zao lolote la kusubiri, iwe michungwa, mikorosho, miti ya mbao, kaeni chini mume na mke kabla trekta halijaingia. Mzungumze haya:

1. Kipande cha chakula kitengwe kwanza. Pima hicho kabla ya kupima cha biashara. Karibu na nyumba ni bora, maji ya kuoshea vyombo yanatosha kuanzia.

2. Miaka miwili ya mwanzo, kati ya mistari ya mkonge panda kunde au maharage. Zinakupa mboga, zinakupa protini, na zinarutubisha udongo. Muulize bwana shamba wa kata yako nafasi inayofaa.

3. Msiuze kuku wote. Narudia, msiuze kuku wote. Yai moja kwa siku kwa mtoto aliyevuka miezi sita ni dawa ambayo mimi sina hospitalini.

4. Mama mjamzito, wahi kliniki, meza vidonge vya kuongeza damu. Wingi wa damu ukiwa chini ya 11, una upungufu. Na hayo madumu ya lita 20 kichwani kutoka lamboni, baba, hilo ni jukumu lako miezi hii.

5. Miezi sita ya kwanza mtoto anyonye tu, hata maji hapana. Baada ya hapo chakula kiongezwe na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

6. Watoto wakicheza karibu na mkonge, hadhari na macho. Akichomwa jichoni usimsugue, usimtie maziwa ya mama wala dawa ya kienyeji, na kama mwiba umebaki usiuchomoe. Funika bila kukandamiza, njooni mbio.

7. Kama umeolewa mbali na kwenu na huna mtu, jenga ujirani mapema, kabla ya uchungu. Jua nani atabaki na watoto, nani ana namba ya bodaboda wa usiku. Wanawake wa kambini walivuka hivyo.

Na kina baba, ombi dogo. Siku mkiitwa kwenye mkutano wa mkonge, uliza maswali yote ya mbegu, mkopo na bei. Halafu uliza na lile swali la bibi: utakatwa lini, na mpaka hapo tutakula nini?

Bibi yangu bado yupo. Macho yamepungua nguvu, lakini asubuhi utamkuta anachuma mlenda kwa kupapasa. Nilipomwambia naandika habari zake alisema niwaambie na nyie muwaulize bibi zenu mapema, maana wakishaondoka mtabaki na historia ya kampuni tu.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni hiyo. Mpigie bibi, mama au shangazi, muulize: mwaka ule mgumu kuliko yote, mlitulisha nini? Aina ya mboga, ilivyopikwa, ilivyokaushwa. Niandikieni hapa chini na mtaje sehemu mnayotoka. Nitakusanya majibu, na Sehemu ya 7 tutaangalia ni yapi kati ya hayo yanafaa mtoto wa miezi sita, yapi asubiri mwaka, na namna ya kuyapika bila kuua virutubisho.

Usiku mwema. Anayenyonyesha saa nane za usiku, nakuwaza, na mimi nipo zamu.